Milango iliyokataa kufunga: Kabla ya kununua mota mpya, pima kona kwa kona

Na Mwandishi Maalumu, Nyanza-Lac

MLANGO wa kwanza ulipokataa kufunga, alilaumiwa mwashi kwamba amesimamisha fremu vibaya. Wa pili ulipokataa, ikalaumiwa mvua ya masika kwamba imevimbisha mbao. Ilipofika zamu ya mlango wa kumi na nne hapakuwa tena na wa kulaumiwa isipokuwa mashine, na mashine yenyewe ilikuwa yetu.

Ilikuwa mwezi Machi 2023. Ushirika wetu wa maseremala hapa Nyanza-Lac, ambao wanachama wake wengi ni watu waliorudi kutoka Tanzania, ulikuwa umepata kazi ya kutengeneza milango 46 ya shule. Haikuwa kazi ya kuchezea. Tulikuwa na mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita kwa herufi zake tatu, CNC, tuliyoinunua kwa mkopo uliokuwa bado unatudai malipo ya miezi 19. Mkandarasi alikuja mwenyewe na pikipiki, akatoa futi yake mfukoni, akapima, akakataa milango 14 na kutupa siku 12 za kuirekebisha. Zikipita, kazi anampa mwingine.

Usiku ule mhazini wetu alinipigia simu. "Mwalimu, njoo uione mwenyewe," alisema. "Vijana wanasema mota zimekufa. Kuna mtu kawashauri tununue nyingine pamoja na vifaa vyake vya kuziendesha. Nimepiga hesabu mara tatu. Tukinunua mota, mkopo hatulipi. Tukilipa mkopo, mota hatununui."

Nilimjibu, "Mama, usitoe hata faranga moja kabla sijafika."

Huenda msomaji anajiuliza mwalimu ana nini na mashine. Mimi nilizaliwa mwaka 1981 katika makazi ya Mishamo, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili pamoja na watoto wa Kitanzania, kisha nikajifunza ufundi wa chuma huko Tabora. Serikali ya Tanzania ilipotupa hiari ya kuomba uraia au kurudi nyumbani, mimi nilichagua kurudi, na mwaka 2009 nikavuka mpaka nikiwa na cheti, sanduku la spana na mke mwenye mimba. Shamba la marehemu baba nililikuta lina watu juu yake, na hao nao walikuwa na karatasi zao. Tuligawana. Fungu langu halitoshi mihogo ya msimu mmoja. Ndiyo maana kwa wengi wetu katika ushirika ule, mashine haikuwa anasa wala maonyesho. Ilikuwa ndiyo shamba.

Mashine yenyewe ikoje

Kwa ambaye hajaiona, afikirie meza kubwa ya chuma, yenye upana wa kutosha karatasi nzima ya plaiwudi ya milimita 1,220 kwa 2,440. Juu ya meza limekaa daraja linalotembea mbele na nyuma kwenye reli mbili, moja kila upande. Juu ya daraja kuna kichwa kinachokwenda kushoto na kulia, na kichwa hicho hubeba mota ya kukatia ambayo hupanda na kushuka. Biti ikizunguka, kompyuta huamuru mihimili hiyo mitatu iende kiasi gani, nayo mbao inakatwa mchoro uliochorwa. Kuongoza mashine kwa namba si jambo la jana. Chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha hadharani mashine ya namna hiyo mwaka 1952, ikisoma amri zake kwenye utepe uliotobolewa matundu.

Sasa, daraja hilo zito linasukumwa na nini? Kwenye mashine yetu, kando ya kila reli umefungwa mwamba wa chuma wenye meno, ambao mafundi huuita reki. Mota iko kwenye mguu wa daraja, na kwenye ekseli yake kuna gia ndogo, pinioni, inayouma meno ya reki. Pinioni ikizunguka, daraja linatembea. Kwa kuwa daraja lina miguu miwili, kuna mota mbili za kulisukuma, ya kushoto na ya kulia, na kompyuta huzituma amri moja kwa wakati mmoja. Kompyuta haina jicho. Ikiamuru milimita mia, inaamini milimita mia zimekwenda. Kama gia imelika, kama skrubu imelegea, kama mguu mmoja umebaki nyuma, yenyewe haijui, na mashine za bei yetu hazina kifaa cha kuiambia.

Mota hazikuwa na hatia

Nilipofika karakana asubuhi nilimkuta kijana anayeiendesha mashine amekaa juu ya ndoo, ameshika tama. Nikamwambia kabla ya kumhukumu mtu tumsikilize kwanza. Tukafunga penseli mahali pa biti, tukaishusha mpaka ikagusa ubao, tukapiga alama ya msalaba na kuifanya kuwa sifuri. Kisha tukaiinua, tukaendesha programu ya mlango mzima hewani bila kukata chochote, nusu saa nzima, kwa kasi ile ile ya kazi. Mwisho tukaiamuru irudi sifuri na kushuka. Penseli ilitua juu ya msalaba ule ule.

Jaribio hili halina gharama na lingeokoa fedha za watu wengi. Mota inayokosa nguvu, au inayopokea umeme hafifu, huruka hatua. Ikiruka, kosa linajilimbikiza, na mwisho wa safari mashine hairudi ilikoanzia. Hapo ndipo utazame waya uliokatikia ndani ya mnyororo wa plastiki unaobeba nyaya, draiva inayochemka, au kasi iliyozidi uwezo. Lakini ikirudi alama ile ile baada ya nusu saa, mota zinahesabu sawasawa na ugonjwa uko kwingine. Kwa uangalifu, tulirudia tukiwa tunakata mbao kweli, maana mota huweza kuwa hodari hewani na goigoi kwenye mti mgumu. Ikarudi pale pale.

Kijana akasimama kwenye ndoo. "Sasa Mwalimu, kama si mota, ni nini?"

Hapo sikuwa na jibu, na niliharakisha kutafuta moja. Mlango ulitakiwa uwe na urefu wa milimita 2,000, wenyewe ukapimwa 1,999. Nikafungua programu. Kila mashine ya namna hii ina hesabu ya mapigo ya umeme kwa kila milimita. Yetu ilikuwa hivi: mota hutaka mapigo 1,600 kwa mzunguko mmoja, mbele yake kuna sanduku la gia la tano kwa moja, kwa hiyo pinioni huzunguka mara moja kwa mapigo 8,000. Pinioni yenyewe ina meno 20 ya moduli 1.25, hivyo mzunguko wake mmoja unalisogeza daraja milimita 78.54. Gawanya, utapata mapigo 101.86 kwa milimita. Mimi nikaongeza kidogo, nikaandika 101.91. Tukakata, tukapima: milimita 2,000 kamili. Vijana wakapiga makofi, nami sikuwazuia.

Makofi hayo yalidumu mpaka saa tisa alasiri, tulipokata kipande kidogo cha milimita 100 kikatoka 99.

Nilipaswa kulijua hilo kabla sijagusa programu. Kama hesabu ya mapigo ndiyo mbaya, kosa hukua pamoja na urefu: milimita moja kwenye mita mbili, basi kwenye sentimita kumi ni unywele usioonekana. Lakini kosa linalobaki lile lile kwenye kipande kirefu na kifupi halitokani na hesabu. Hilo ni uwazi ndani ya gia, kile mafundi wanachokiita mchezo. Daraja likigeuza mwelekeo, pinioni inazunguka kidogo bure kabla jino lake halijakutana na jino la reki upande wa pili, na sehemu hiyo ya safari inapotea. Nikarudisha 101.86 yangu mahali pake, na mbele ya vijana nikakiri kwamba mwalimu amepaka chokaa juu ya ukuta wenye ufa.

Kona kwa kona

Hata hivyo, upungufu wa milimita moja haumfanyi mkandarasi aje na pikipiki. Mlango mfupi kwa milimita moja unafunga. Usiofunga ni ule usio mraba, na huo haugunduliwi kwa kupima urefu na upana. Hupimwa kona kwa kona. Mlango wa milimita 800 kwa 2,000 ulio mraba una mishazari miwili iliyo sawa, kila mmoja milimita 2,154. Wetu ulikuwa na mmoja wa 2,156 na mwingine wa 2,152.

Tofauti ya milimita 4. Maana yake, kwa umbo la mlango huo, ni kwamba katika upana wa milimita 800 upande mmoja ulitangulia mwingine kwa milimita 2 na kidogo. Miguu ya daraja letu imeachana milimita 1,500, kwa hiyo kwenye reli zenyewe mguu mmoja ulikuwa mbele ya mwenzake kwa milimita 4. Upi? Simama mbele ya mashine, na utazame mlango kabla haujainuliwa mezani. Mshazari mrefu ukianzia kona ya karibu kushoto na kuishia kona ya mbali kulia, basi mguu wa kulia ndio uliotangulia. Kwetu ilikuwa hivyo.

Nikamuuliza kijana anavyoanza kazi asubuhi. Akanionyesha, naye hakuona ubaya wowote: umeme ukiwa umezimwa, anakwenda upande wa kulia kwenye kompyuta yake na kulisukuma daraja kwa mkono mmoja mpaka lifike anapotaka. Kisha anawasha. Mota zikiwashwa hufunga mahali zilipo, ziwe sambamba ama zisiwe. Na umeme wetu mnaujua. Kila ulipokatika katikati ya kazi, mota zililegea, na kila uliporudi, daraja lilisukumwa tena kwa mkono wa kulia. Boliti za mguu wa kushoto zilikuwa zimeshalegea kwa mtikisiko, zikaliruhusu daraja kupinda bila kulalamika.

Dawa yake ilikuwa vipande viwili vya chuma, kila kimoja urefu wa kidole. Tulivifunga kwenye fremu, kimoja mwanzo wa kila reli, kimoja kikiwa na boliti ya kurekebishia. Tukalegeza boliti za miguu, tukalivuta daraja kwa mikono miwili mpaka miguu yote ikagusa vizuizi, tukakaza, ndipo tukawasha umeme. Tukakata fremu ya majaribio kwenye plaiwudi chakavu na kupima kona kwa kona, tukazungusha boliti ya kizuizi, tukakata tena. Mara ya nne mishazari ilitofautiana kwa nusu milimita. Tangu siku hiyo mashine haiwashwi kabla daraja halijavutwa mpaka kwenye vizuizi.

Usitumie skwea ya seremala kwa kazi hii. Skwea ya sentimita 30 ikikosea unywele mmoja, kwenye mita mbili unywele huo umekuwa kidole. Kona kwa kona ndefu haidanganyi, na futi moja inatosha mradi uitumie hiyo hiyo pande zote.

Kata duara ulisome

Kwa wenye mashine za namna hii, ziwe Rumonge, Kigoma au Buyenzi pale Bujumbura ambako mafundi hawakosi kitu, nawapa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kata duara la milimita 300 kwenye plaiwudi, kisha lipime pande nne: kushoto kwenda kulia, mbele kwenda nyuma, na mishazari yote miwili.

Likiwa refu upande mmoja, kufuata mhimili, hesabu ya mapigo ya mhimili mmoja si sahihi. Likiwa kama yai lililoegemea, refu kwenye mshazari, mihimili haiko mraba. Kwa kupinda kama kwetu utaona tofauti ya karibu milimita 0.8 kati ya mishazari. Na likiwa na vijikovu au sehemu bapa mahali pale mihimili inapogeuza mwelekeo, juu, chini, kushoto na kulia, huo ni mchezo wa gia. Duara letu la kwanza lilikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja: limeegemea na lina vikovu. Tulipomaliza vizuizi kuegemea kukaisha. Vikovu vikabaki.

Meno yaliyoliwa

Ili kupima mchezo wenyewe hatukuwa na saa ya kupimia, ile yenye mshale. Tulitumia filageji ya kurekebishia valvu za pikipiki. Tukabana kipande cha chuma mezani, tukalileta daraja taratibu mpaka ulimi wa milimita 0.10 ukapita kwa kugusa. Kisha tukaamuru lirudi nyuma kwa sehemu ya kumi ya milimita, tena na tena, tukihesabu ni mara ngapi kompyuta inasema limerudi huku uwazi haujaongezeka. Katikati ya meza tulihesabu mara 10, yaani milimita moja nzima. Mwisho wa meza, mahali ambapo kazi haifiki mara nyingi, tulihesabu 6.

Namba hizo mbili zilieleza kila kitu. Pinioni ni ile ile popote daraja linapokwenda, kwa hiyo zile 6 za mwisho wa meza zilitoka hasa kwake. Lile ongezeko la 4 katikati lilitoka kwenye reki, ambayo imelika pale inapofanyiwa kazi kila siku.

Tukaishusha mota. Meno ya pinioni yalikuwa yamechongoka kama ya ngegere, membamba kileleni na yamelala upande mmoja. Na yote, pamoja na reki, yalikuwa yamepakwa uji mweusi mzito unaonukia jikoni. Nikamtazama kijana.

"Ni mawese, Mwalimu. Grisi ilikwisha."

Sisi wa pwani ya Tanganyika mawese tunayaweka katika kila kitu, toka mboga hadi sabuni, na sikuweza kumgombeza sana. Lakini mawese huganda kukiwa na ubaridi, huchacha, na yakichanganyika na vumbi la mbao yanakuwa msasa. Kila jino lilikuwa likisagwa na unga wa mikaratusi. Hata grisi yenyewe, ikipakwa kwa wingi kwenye reki iliyo wazi, hukusanya vumbi vile vile. Grisi ni ya beringi za kwenye reli, zenye mipira ya kuzifunga na kichupa cha kupokelea. Reki husafishwa kwa brashi kavu kila jioni, na kupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kidogo sana kiasi cha kuzuia kutu.

Kuna na skrubu ndogo isiyo na kichwa inayoibana pinioni kwenye ekseli. Ya upande wa kushoto nilizungusha robo nzima kabla haijakaza. Kabla ya kuhukumu gia yoyote, anza na skrubu hiyo, maana kuikaza ni bure. Weka alama ya rangi kutoka kwenye ekseli hadi kwenye pinioni; alama ikikatika siku moja, umeshajua.

Wenye mashine ndogo za mkanda wenye meno watazame mkanda uliovutika au uliopukutika meno. Wenye mashine za skrubu ndefu watazame nati, kwa sababu nati ndiyo laini na ndiyo huliwa kwanza, pamoja na kaplingi inayounganisha mota na skrubu, ambayo hupata ufa usioonekana mpaka uizungushe kwa mkono.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani

Sasa nageukia ninyi ndugu zetu mnaovuka Mugina na Kobero na kurudi na mizigo, kwa sababu sehemu hii ilitugharimu siku nne kati ya zile 12.

Tulimpigia simu kijana mmoja anayefuata vipuri Dar es Salaam. Tukamwambia tunataka pinioni mbili, za upana wa milimita 27 na ushee, shimo la ekseli milimita 14. Akazipata, akazipakia kwenye basi la Kigoma, zikaja Manyovu, zikavuka. Kwa macho zilikuwa pacha wa zetu. Tulipozifunga, daraja likatembea kwa kurukaruka kama gari lililokosa plagi. Nilipohesabu meno nikakuta 25 badala ya 20.

Ukubwa wa meno hupimwa kwa moduli. Kwa gia yenye meno yaliyonyooka, pima upana wake wa nje, kisha gawanya kwa idadi ya meno ukiwa umeongeza mbili. Pinioni yetu mpya ingekuwa milimita 27.5, gawanya kwa 22 unapata 1.25. Iliyolika ilipimwa 27.1, ikitoa 1.23, na kwa kuwa gia za aina hiyo huuzwa kwa moduli zinazojulikana kama 1, 1.25, 1.5 na 2, unajua ni 1.25. Ile tuliyoletewa ilikuwa na upana wa 27. Gawanya kwa 27 unapata 1. Upana unakaribiana, meno hayaumani kamwe. Njia ya kuhakikisha ni kupima reki yenyewe: meno 10 ya moduli 1.25 huchukua milimita 39.3, na ya moduli 1 huchukua 31.4.

Kwa hiyo mteja akikuagiza pinioni, usikubali upana peke yake. Mwombe idadi ya meno, moduli, unene wa ekseli na upana wa uso wa gia. Muulize kama meno yamenyooka au yamelala, na kama yamelala, yamelala kuelekea kushoto au kulia, kwani hesabu ile ya kuongeza mbili ni ya yaliyonyooka tu. Bora zaidi, ichukue ile mbovu uende nayo mfukoni. Nunua mbili, za pande zote mbili za daraja, hata kama moja inaonekana nzima, la sivyo upande mmoja utakuwa na mchezo na mwingine hauna, na mlango utapinda upya. Bei ya pinioni zetu mbili, pamoja na nauli ya kukosea, haikufikia bei ya mlango mmoja.

Namshukuru kijana yule, hakubishana. Alizirudisha na kutuma nyingine, zikafika siku ya kumi asubuhi.

Wakati tukisubiri hatukulala. Reki hufungwa vipande vipande. Tulifungua kile cha katikati kilicholika na kubadilishana na cha mwisho wa meza kilichokuwa kipya, pande zote mbili. Pale vipande viwili vinapokutana, nafasi ya meno lazima iendelee bila kuruka. Tulikuwa na kipande kifupi cha reki ya akiba, tukakigeuza kifudifudi na kukibana juu ya maungio ili meno yake yaume pande zote mbili, ndipo tukakaza boliti. Pinioni mpya zilipofika tulizisukuma ziume reki tukiwa tumeweka karatasi ya daftari katikati ya meno, tukakaza, tukaitoa karatasi. Unene wa karatasi ndio uhuru unaohitajika. Ukibana kabisa unaona mchezo umekwisha, lakini baada ya miezi michache meno hayapo. Na ufanye hivyo mahali penye meno mazima zaidi, kwa sababu ukibana palipolika, daraja litagoma likifika palipo pazima.

Tukahesabu tena kwa filageji. Katikati ya meza, mara 2. Duara likatoka bila vikovu.

Jambo la mwisho lilituchukua saa moja tu. Uso wa milango ulikuwa na matuta membamba, kama shamba lililopigwa reki. Hiyo ni mota ya kukatia iliyoinama. Tulifunga waya mgumu uliopindwa mahali pa biti, tukauzungusha kwa mkono juu ya meza na kutazama kama unagusa pande zote sawa. Haukugusa. Tukaweka kipande cha kopo la soda nyuma ya boliti ya chini, ukagusa.

Siku ya kumi na mbili

Milango 9 kati ya ile 14 tuliinyoosha kwa randa na kuibandika vibao vya pembeni. Mitano haikufaa, tukaikata upya usiku, kwa jenereta la kuazima. Mkandarasi alifika saa nne na futi yake. Safari hii kijana wetu ndiye aliyemshikia ncha ya pili, na kabla hajapima upana akamwambia, "Mzee, samahani, anza na kona kwa kona." Alipokea 13. Mmoja aliukataa kwa sababu ya ufa kwenye mti, na hakutuonea.

Mkopo tuliumaliza Oktoba 2024. Ile milango mitano mibovu imekuwa rafu za vitabu darasani kwangu, zimeinama kidogo, na wanafunzi wanaijua sababu.

Kwenye ukuta wa karakana kuna safu ya namba kwa chaki. Kila Jumatatu kabla ya kazi fremu moja ya plaiwudi hukatwa na kupimwa, mishazari miwili huandikwa, na chini yake idadi ya mara za filageji. Wiki iliyopita niliona 2,154 na 2,154.5, mchezo 4. Nilipomuuliza kijana kuhusu ile 4 akatoa karatasi mfukoni, tayari imekunjwa kwa ajili ya mtu wa Mugina: pinioni mbili, meno 20 yaliyonyooka, moduli 1.25, ekseli 14.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa ufundi.